Chuo cha upishi: tukague nini kabla ya kulipa ada?

MkaziWaTemeke

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaolijua jiko la hoteli kwa undani.

Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha nne, ana D tano bila kuhesabu somo la dini. Anataka upishi na hajayumba. Mezani tuna njia tatu. Ya kwanza ni chuo cha serikali, mwaka mmoja na kuendelea. Ya pili ni chuo binafsi hapa Dar kinachotoa cheti kwa miezi sita, ada yake iko juu sana. Ya tatu ni kuingia hotelini kama msaidizi wa jiko, kusoma kuje baadaye.

Nataka kujua cheti kipi kina uzito, na vipi mtu asiye mpishi kama mimi atatambua kwamba chuo kinafundisha kupika kweli, si kuvalisha watoto makoti meupe na kuwapiga picha. Pia ni Mwislamu, kwa hiyo suala la nguruwe na mvinyo linatuhusu.

KisuNaKibao

Mkuu, kabla ya kuulizia cheti, ulizia jiko. Mpishi hutengenezwa na saa alizosimama kwenye moto, na chuo kinachotoa saa hizo hakioni taabu kukuonyesha kwa namba. Nendeni siku ya vitendo, saa ya vitendo. Siku ya kukaribisha wageni haina faida kwenu, siku hiyo kila chuo kinang'aa.

Simama mlangoni mwa jiko la mafunzo uhesabu plati zinazowaka, halafu uhesabu wanafunzi. Plati 8 kwa wanafunzi 16 ni wawili kwa moto mmoja, hapo mtu anajifunza. Plati 4 kwa wanafunzi 30 maana yake mwalimu anapika, mmoja anakoroga, wengine wote wanaandika. Kumtazama mwalimu akikata kuku hakumfundishi mtu kukata kuku. Wakikujibu kwamba wanafunzi hugawanywa makundi, uliza kila kundi linaingia jikoni mara ngapi kwa wiki. Ikiwa ni chini ya mara mbili, saa nne kila mara, mkono hautakomaa ndani ya mwaka.

Kisha omba kuona karatasi ya kuombea malighafi stoo ya wiki iliyopita. Usione aibu kuiomba, kwa sababu hiyo ndiyo inayosema ukweli kuliko prospekta yote. Tafuta somo la kuku. Kuku mmoja kwa wanafunzi wawili ndiyo mwisho wa kubana matumizi. Kuku mzima hutoa vipande nane: vidari viwili, mapaja mawili, miguu miwili na mabawa mawili. Anayeanza hukosea mahali pamoja: anapitisha kisu kwenye mfupa. Inatakiwa ukate kwanza ngozi kati ya paja na mwili, ulipindue paja kwa nje mpaka kifundo kichomoke, ndipo kisu kipite kwenye kiungo bila kutumia nguvu. Ukisikia mfupa unakwaruza, umeshatoka njiani. Hilo halielezeki ubaoni, linataka kuku wasiopungua kumi wapite mkononi. Sasa chuo kilichoagiza kuku watatu kwa darasa la watu 36 kimefundisha wangapi?

Fungua friji. Inatakiwa iwe na kipimajoto kinachosoma nyuzi 5 kushuka chini, nyama mbichi iwe rafu ya chini kabisa ili damu isidondokee chakula kilichoiva, na kila chombo kiwe na tarehe. Tazama vibao vya kukatia, ambavyo hugawanywa kwa rangi, mathalani nyekundu ya nyama mbichi, bluu ya samaki, kijani ya mboga. Pitisha kidole juu ya kibao. Kinachotumika kina michirizi myembamba ya kisu. Kikiwa laini kama kimetoka dukani jana ilhali chuo kina miaka mitano, basi hakuna anayekata hapo. Na michirizi ikiwa mirefu na myeusi, kibao kimezeeka na kinatunza vijidudu.

Mwisho mtafute mwanafunzi wa muhula wa pili, asiwe yule aliyepangwa kuwapokea, umuulize stoku ya kuku, yaani supu ya mifupa ya kutengenezea sosi, inapikwaje. Jibu zuri linakuja hivi: mifupa kilo 1, maji baridi lita 2, mboga kama gramu 200, nusu yake kitunguu na nusu nyingine igawanywe karoti na seleri. Maji yaanze baridi, povu liondolewe, kisha moto mdogo wa kutoa kiputo kimoja kimoja kwa saa 3 hadi 4. Chumvi haitiwi, kwa sababu stoku itakuja kuchemshwa maji yapungue na chumvi ingebaki yote. Ikichemka kwa nguvu mafuta yanachanganyika na maji na stoku inakuwa ya tope. Ya samaki ni dakika 30 hadi 45 tu, ukizidisha mifupa inaleta uchungu.

Akijibu vizuri, mwongezee swali la pili: sufuria la lita 20 la stoku likiiva unalifanyaje? Anayesema analiweka kwenye friji hajafundishwa. Sufuria kubwa la moto frijini linapandisha joto la vyakula vingine, na katikati yake linabaki vuguvugu usiku kucha. Stoku inagawanywa kwenye vyombo vya kina kifupi au sufuria linawekwa ndani ya maji ya barafu, ishuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 nyingine.

JikoLaBaridi

Aliyenitangulia amemaliza upande wa jiko. Mimi niongeze vyeti kwa upande wa Bara.

Msimamizi ni NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na milango ni miwili. Mmoja ni ufundi stadi, yaani tuzo za NVA ngazi ya 1 hadi ya 3, ambao ndio mlango wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Wa pili ni NTA, yaani tuzo za elimu ya ufundi: ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 astashahada, ya 6 stashahada, kwa kawaida mwaka mmoja kila ngazi. NTA 4 hutaka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kwa hiyo D tano za mdogo wako zinamwingiza bila shida. VETA wana chuo mahususi cha hoteli na utalii kule Njiro, Arusha. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Dar na Arusha. Kwa Zanzibar, SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) wanafundisha utalii na hoteli Maruhubi.

Kuhusu hicho cha miezi sita, naomba msichanganye vitu viwili. Usajili wa chuo ni kitu kimoja, na idhini ya kufundisha kozi fulani ni kitu kingine. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kihalali kwa kozi za biashara na kompyuta, kisha kikafungua chumba cha upishi bila kibali cha kozi hiyo. Kwa hiyo usiulize tu kama wamesajiliwa. Uliza: mtihani wa mwisho unatungwa na nani, na cheti kina muhuri wa nani? Kikiwa na muhuri wa chuo peke yake, hicho ni cheti cha kozi fupi. Kinaweza kumpatia kazi ya komi, yaani mpishi wa ngazi ya chini, lakini siku akitaka kupanda NTA 5 ataambiwa aanze chini. Ada kubwa haibadilishi hilo.

Njia ya tatu nayo isidharauliwe. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti. Ubaya wa kuanzia hotelini bila shule ni kwamba jikoni utafundishwa kile tu ambacho zamu inakihitaji. Ukiwa kwenye kifungua kinywa, utapika mayai miaka miwili na huijui sosi hata moja.

Kingine, tazameni kama mtaala una hesabu ya gharama. Hapo ndipo wapishi wengi wazuri hukwama wasipande cheo. Mfano mdogo: samaki mzima ni shilingi 12,000 kwa kilo. Ukishatoa kichwa, mifupa na ngozi, kilo moja inabaki kama gramu 450 za minofu. Asiyefundishwa anachukua gramu 180 za sahani moja, anazidisha kwa bei ya sokoni, anapata 2,160. Kumbe kilo ya minofu imeshamgharimu 12,000 gawa kwa 0.45, yaani karibu 26,670, na sahani yake ni 4,800. Ongeza wali, mboga na sosi, tuseme 1,700, jumla 6,500. Hoteli ikitaka chakula kisizidi asilimia 32 ya bei, sahani inauzwa 20,300 hivi. Yule wa kwanza angeiuza 12,000 akidhani anapata faida, na mwisho wa mwezi anaulizwa samaki wameenda wapi. Chuo kisichofundisha jambo hili kinatoa wasaidizi.

MpishiWaThikaRoad

Hamjambo nyote. Nachangia kutoka Kenya kwa sababu kuna kipimo kimoja hakijatajwa: je, chuo kina mkahawa au hoteli ya mafunzo inayouzia wageni wanaolipa?

Kenya Utalii College, iliyofunguliwa mwaka 1975 hapa Nairobi, ina Utalii Hotel ndani yake, na wanafunzi wanafanyia kazi humo. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika. Darasani sahani moja inapikwa kwa saa mbili, na ikiungua mnacheka mnarudia. Kwenye mkahawa oda kumi na mbili zinaingia ndani ya dakika ishirini, meza moja inataka nyama iliyoiva kabisa na nyingine nusu, na zote lazima zitoke pamoja. Hapo ndipo mwanafunzi anaelewa kwa nini maandalizi yanakamilishwa kabla mgeni hajaketi: vitunguu vimekatwa, sosi iko kwenye maji ya moto, sahani zimepashwa. Asiyepitia haya chuoni, wiki yake ya kwanza kazini huwa ngumu mno.

Kwa wasomaji wa huku: hakikisheni chuo kina leseni ya TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, na kozi inatahiniwa na KNEC (baraza la mitihani) au CDACC (baraza la mitaala na upimaji wa ufundi). Aliye kazini tayari anaweza kufanya mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, anaanzia Gredi ya III na kupanda hadi ya I. Mwajiri wa hoteli anazisoma karatasi hizi zote, ila jaribio la vitendo halikwepeki. Mara nyingi wanakupa yai, kitunguu na kuku. Kimanda kiwe cha manjano bila doa la kahawia na ndani kiwe laini. Kitunguu kikatwe vipande vinavyolingana. Kuku agawanywe bila nyama kubaki kwenye mfupa. Dakika ishirini tu, wameshajua kama ulisoma au ulilipa ada.

ChachuNaUnga

Ongezeni oveni kwenye orodha. Vyuo vingi vinatangaza mikate na keki ilhali vina oveni moja ya umeme, na umeme ukikatika somo linageuka nadharia. Ulizeni kama kuna oveni ya gesi au jenereta.

Na ulizeni mizani. Jiko la mikate linalopima kwa kikombe likimbieni. Kikombe cha unga uliochotwa kwa kubonyeza na cha unga uliochekechwa vinaweza kupishana kwa zaidi ya gramu 30, na hapo mkate wa leo hauwezi kufanana na wa jana. Mkate wa kawaida hupimwa kwa kulinganisha kila kitu na unga: unga kilo 1, maji gramu 600, chumvi gramu 20, chachu kavu gramu 10. Kwa joto la Dar mwalimu anayejua kazi atawaambia watumie maji ya friji, kwa sababu donge linatakiwa litoke kwenye kukandwa likiwa na nyuzi 24 hadi 27. Likitoka na 32 linaumuka haraka kupita kiasi, linachachuka, na mkate unanywea kwenye oveni. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa kitabu cha nchi ya baridi ataambiwa atumie maji ya uvuguvugu, atashangaa kila siku kinachoharibu mkate wake.

Pastri ni mlango mzuri wa ajira hasa kwenye loji za mbugani. Lori la mahitaji haliendi kila siku, kwa hiyo mikate, skonzi na keki zote zinatengenezwa hapo hapo. Komi anayejua kuoka anawahi kupata nafasi.

MkaziWaTemeke

Nawashukuru sana. Leo tumepita chuo kimoja, sitataja jina. Jiko lina plati 6 na darasa lina wanafunzi 24, vitendo ni mara moja kwa wiki. Karatasi ya stoo wamesema ni siri ya ofisi. Fildi, yaani mafunzo ya kazini, ni miezi mitatu kuanzia Aprili, na mwanafunzi anajitafutia mahali. Hii ikoje? Na wametupa orodha ya vifaa yenye seti ya visu 21 tununue kwao.

KisuNaKibao

Mkuu, plati 6 kwa watu 24 ni wanne kwa moto mmoja, mara moja kwa wiki. Piga hesabu: kipindi cha saa nne mkigawana wanne, kila mmoja ameshika mwiko saa moja. Kwa wiki 20 za masomo ni saa 20. Hizo ni zamu mbili na nusu za komi wa kawaida hotelini. Ada kubwa kwa saa 20 za moto, hapana.

Fildi nayo ina tatizo lake. Katikati ya Aprili hadi Mei ni masika, hoteli nyingi za ufukweni na Zanzibar zinakuwa na wageni wachache na baadhi zinafunga kwa matengenezo. Mwanafunzi wa fildi wakati huo anasugua masufuria na kupanga stoo. Msimu wenye kazi ni Julai hadi Septemba, tena Desemba hadi Februari. Chuo kinachojua biashara ya hoteli kinapanga kalenda yake kwa kufuata msimu. Ikiwa hakuna namna isipokuwa Aprili, basi aombe hoteli ya mjini inayopokea watu wa mikutano, au kampuni zinazolisha migodi na hospitali, maana huko watu wanakula mwaka mzima. Na huko atajifunza kupika kwa wingi, ambako watu wengi wa hoteli ndogo hawakujui. Wali wa watu 100 ni kilo 10 hadi 12 za mchele, na maji hayazidishwi kama ya nyumbani. Nyumbani kikombe kimoja kwa maji mawili, kwenye sufuria kubwa maji yanapotea kidogo kwa mvuke, unashuka karibu na kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na nusu cha maji. Ukizidisha kwa hesabu ya nyumbani unapata bokoboko.

Kujitafutia mahali kunakubalika kama chuo kinatoa barua, kitabu cha kumbukumbu za fildi, na mwalimu anayekuja kukagua japo mara mbili. Asisaini kuanza kabla hajakubaliana na shefu mpango wa kuzunguka. Kwa wiki 12 mgawanyo mzuri ni wiki 3 jiko la baridi (saladi na vyakula visivyopashwa moto), 4 jiko la moto, 3 pastri, 2 bucha na kifungua kinywa. Bila mpango ulioandikwa, atawekwa kumenya viazi siku ya kwanza na siku ya mwisho atakuwa hapo hapo, kwa sababu viazi vinamenywa kila siku na yeye ameshakuwa hodari. Wala si ubaya wa watu, ndivyo jiko lenye kazi nyingi linavyokwenda.

Nolea_Kisu

Kwenye visu 21, atavitumia vinne. Cha shefu inchi 8, ambacho kitafanya karibu kazi zote. Kidogo cha kumenyea inchi 3 au 4. Chembamba cha kutoa mifupa inchi 6. Chenye meno cha mkate. Ongezeni kimenyeo, chuma cha kunyooshea makali, jiwe la kunolea la namba 1000, na kipimajoto cha kidijitali cha kuchoma kwenye nyama. Hicho kipimajoto wengi wanakiruka, na ndicho kitakachomwambia kuku amefika nyuzi 75 katikati ya paja badala ya kukisia kwa rangi ya mchuzi.

Kabla ya kununua kisu cha shefu akishike. Kidole gumba na cha shahada vibane ubapa pale unapokutana na mpini, vidole vitatu vishike mpini. Kisu kikiinamia mbele sana, kifundo cha mkono kitamuuma kabla ya saa sita mchana. Kunoa: jiwe liloweshwe kama ni la aina ya kulowekwa, kisu kiinuliwe nyuzi 15 hadi 20, asugue upande mmoja mpaka asikie kwa kidole ukingo mdogo wa chuma umetokea upande wa pili kisu kizima, ndipo ageuze. Wanaokosea hugeuza mapema, kisu kinakuwa kikali katikati na butu nchani. Chuma cha kunyooshea hakinoi, kinasimamisha makali yaliyolala, kwa hiyo kitumike kila siku, na jiwe mara moja kwa wiki au mbili.

Makoti anunue mawili ya pamba nzito yenye mikono mirefu. Ya nailoni ni rahisi lakini mafuta ya moto yakimrukia kitambaa kinayeyuka na kushika ngozi. Viatu viwe vimefungwa mbele na soli isiyoteleza. Kwenye hivi viwili asibane pesa.

BintiWaMaruhubi

Assalaam alaykum. Nijibu lile la nguruwe na mvinyo kwa vile limepitwa.

Aliseme wakati wa kuomba nafasi, kwa maandishi, asingoje siku ya mtihani. Mbinu zote zinazofundishwa kwa nguruwe, yaani kuchoma, kukausha kwa chumvi, kusaga nyama ya soseji, zinafanyika kwa ng'ombe, kondoo au kuku, na mwalimu mwenye nia atambadilishia. Kwenye sosi za mvinyo atumie stoku na tone la siki au ukwaju, maana kazi ya mvinyo pale ni kuleta ukali wa kukata mafuta. Asikubali maneno kwamba pombe yote huondoka ikichemka, sehemu yake hubaki, na sosi ya kupikwa haraka hubaki nayo nyingi.

Kuonja ni nusu ya kazi, kwa hiyo suala hili litamfuata kazini. Anapoajiriwa aulize kama vibao, visu na mafuta ya kukaangia nguruwe vimetengwa. Akiwa Unguja au nchi za Ghuba ataona jiko kubwa likienda bila nguruwe kabisa, kwa hiyo ajira haimfungi. Na Ramadhani apime kila kitu kwa mizani, chumvi aiweke kwa gramu, na aombe mwenzake aonje. Wali, mchuzi wa nazi, biriani, vyote vina kipimo ukikaa chini ukakiandika. Chuo kinachofundisha vyakula hivi kwa karatasi ya vipimo kama kinavyofundisha sosi za Kifaransa, hicho mimi nakipa alama ya juu, kwa sababu mgeni anayetua Zanzibar anataka pweza wa nazi, na wapishi wengi wenye vyeti wanampika mpaka anakuwa mpira. Pweza anataka moto mdogo kama saa moja, ajaribiwe kwa ncha ya kisu penye unene wa mkono, nazi nzito itiwe mwishoni bila kuchemka kwa nguvu, la sivyo inakatika.

JikoLaBaridi

Kwa namna ulivyoeleza, mkuu, mimi ningempeleka njia ya kwanza na kuichanganya na kipande cha ya tatu. Aombe NTA 4 au NVA serikalini, na siku za mapumziko atafute vibarua kwa wapishi wa harusi na shughuli. Huko hakuna cheti, lakini kuna masufuria ya kilo 50 na watu wanaosubiri kula.

Kabla hamjalipa popote, mpimeni kwa wiki mbili. Mtafutieni mgahawa wenye wateja wengi mtaani kwenu, aingie saa kumi na moja alfajiri, atoke saa tisa alasiri, siku sita kwa wiki, akiwa amesimama. Akate vitunguu kilo 10 kila siku na aoshe masufuria yake mwenyewe. Mwenye mgahawa atataka awe amepimwa afya kama wahudumu wote wa chakula. Cheti hicho hurudiwa kila baada ya miezi sita na chuo kitakidai pia, kwa hiyo si hasara. Siku tatu za kwanza miguu itauma na macho yatalia, hayo ni ya kila mtu. Mwangalieni wiki ya pili: kama vipande vya kitunguu vimeanza kulingana bila kuambiwa, na kama anauliza kwa nini mchuzi wa jana ulikuwa mzito kuliko wa leo.

Dirisha la NACTVET kwa kawaida hufunguliwa kuelekea katikati ya mwaka, na VETA hupokea maombi miezi ya mwisho kwa masomo ya Januari. Tangazo likitoka, vyeti vya kuzaliwa na matokeo viwe vimeshatolewa nakala na kuthibitishwa, maana wengi hukosa nafasi wakiwa kwenye foleni ya kugonga muhuri.